Kinabana, Kinapwaya, Kinakaa: Kiatu cha Mbio kutoka Roma hadi Vienna

Hadithi ya Abebe Bikila tumezoea kuisimulia kwa mkato. Septemba 10, 1960, askari wa kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie, mtu ambaye Ulaya haikuwa ikimjua, alikimbia marathoni ya Olimpiki mjini Roma bila viatu. Mbio zilianza jioni, zikaishia gizani, na njiani askari walisimama na mienge kuwamulikia wakimbiaji. Bikila alimaliza kwenye Tao la Konstantino kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, muda bora kuliko wowote uliowahi kukimbiwa duniani mpaka siku hiyo. Ethiopia ikapata dhahabu yake ya kwanza ya Olimpiki, tena katika mji mkuu wa nchi iliyokuwa imeivamia miaka 25 nyuma.

Tukiisimulia, huwa tunachagua njia moja kati ya mbili. Ya kwanza ni ya huruma: maskini wa Mungu, hakuwa na viatu. Ya pili ni ya sifa: mwana wa Afrika huyo, mguu wake haukuhitaji kiatu. Zote mbili ni tamu masikioni, na zote mbili zinaruka jambo la katikati. Viatu alikuwa navyo. Alivijaribu, havikumkaa, vikampa malengelenge. Basi akavilinganisha na miguu yake mitupu, akaona miguu mitupu ni afadhali. Yaani kabla ya ushindi ule maarufu kulikuwa na kazi ya kawaida kabisa, ile ambayo mimi na wewe tunaifanya dukani, au pale Karume na Gikomba kwenye mafungu ya mtumba: kujaribu kiatu, kukunja uso, na kusema hapana.

Kiswahili kina msamiati mzuri sana wa kazi hiyo. Kiatu kinabana, kinapwaya, kinauma, au kinakaa. Hilo la mwisho ndilo kubwa. Kiatu kinachokaa si lazima kiwe cha namba yako, wala kiwe laini, wala ghali. Kinakaa kwa sababu kimepatana na mguu fulani wa mtu fulani, na hakuna anayeweza kutoa hukumu hiyo isipokuwa mwenye mguu. Wahenga walishasema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Nasema haya kwa sababu historia ya kiatu cha mbio, ukiitazama kwa miaka hii sitini na kitu tangu Roma, ni historia ya swali kubadilishwa. Kwanza watengenezaji waliuliza: kinakaa? Halafu wakauliza: kina raha? Siku hizi wanauliza: kina kasi? Kila swali limetuletea jambo la maana. Lakini kila lilipokuja jipya, lile la kwanza lilisukumwa nyuma, na kila mara ushahidi umeturudisha palepale alipokuwa Bikila na malengelenge yake.

Enzi ya malengelenge

Kabla ya miaka ya 1960, adui mkubwa wa mkimbiaji wa masafa marefu alikuwa kiatu chenyewe. Viatu vingi vilikuwa vya ngozi au turubai, soli nyembamba ya mpira, na kilomita 42 zilitosha kuuchuna mguu. Ndiyo maana ubunifu wa wakati ule ulianzia kwenye ngozi ya mguu, si kwenye saa.

Wajapani walikuwa mbele katika hili. Mwaka 1951 Shigeki Tanaka, kijana kutoka Hiroshima, alishinda marathoni ya Boston akiwa na viatu vilivyotenganisha kidole gumba na vidole vingine, vilivyotokana na tabi, soksi na viatu vya kazi vya Kijapani. Wamarekani walishangaa. Kwa Mjapani lilikuwa jambo la kawaida, maana ndivyo mguu wake ulivyozoea kushika ardhi tangu utotoni, kama vile mguu wa mtu wa Pwani ulivyozoea gidamu ya makubadhi.

Kule Kobe, Kihachiro Onitsuka alikuwa amefungua kiwanda chake mwaka 1949, kiwanda ambacho baadaye kingekuwa ASICS. Aliona wakimbiaji wa marathoni wanayahesabu malengelenge kuwa sehemu ya mchezo, kama jasho. Yeye akauliza yanatoka wapi. Jibu likawa joto: mguu unagonga lami maelfu ya mara, unachemka ndani ya kiatu kisichopumua. Kwa hiyo akatengeneza kiatu chenye matundu, hewa ya moto itoke na hewa baridi iingie kila mguu unaponyanyuka. Fikiria hilo. Kabla ya mtu kuahidi sekunde, aliahidi kwamba ngozi yako itafika ikiwa nzima.

Ni Onitsuka huyohuyo aliyemwendea Bikila mwaka 1961, bingwa alipokwenda Japani kukimbia marathoni ya Osaka. Alimshawishi avae viatu vyake, Bikila akavaa, akashinda. Na mwaka 1964, Olimpiki ya Tokyo, wiki chache tu baada ya kufanyiwa upasuaji wa kidole tumbo, Bikila alishinda tena marathoni kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Safari hiyo alikuwa amevaa viatu vya Puma na soksi nyeupe. Alikuwa mtu wa kwanza kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili: moja peku, moja na viatu, na ile ya viatu ilikuwa ya kasi zaidi kwa dakika tatu. Sasa yule anayesema Mwafrika hahitaji kiatu, sijui Tokyo anaiweka wapi. Bikila hakuwa na ugomvi na viatu. Ugomvi wake ulikuwa na jozi moja, katika mji mmoja.

Upande wa pili wa dunia, kocha Bill Bowerman wa Chuo Kikuu cha Oregon alikuwa akiwatengenezea wanafunzi wake viatu kwa mikono. Alipima mguu wa kila mmoja, akakata, akashona, akawapa wakakimbie, kisha akasikiliza malalamiko. Mwaka 1964 yeye na mwanafunzi wake wa zamani, Phil Knight, walianza kuingiza viatu vya Onitsuka Marekani. Mwaka 1971 Bowerman alimimina mpira wa maji kwenye chuma cha jikoni cha kuokea vikeki vya waffle ili apate soli yenye vijumba vya kushika ardhi, chuma cha mkewe kikaharibika, na viatu vyao vikachukua jina jipya: Nike. Watu hupenda kusimulia kile chuma. Mimi naona jambo kubwa zaidi ni ile tepu ya kupimia. Wakati huo kocha, fundi na mkimbiaji walikuwa wanakaa chumba kimoja.

Raha inaingia dukani

Kilichovunja chumba hicho ni wingi wa watu. Mwaka 1962 Bowerman alikwenda New Zealand, akamkuta kocha Arthur Lydiard akiwakimbiza watu wa kawaida, wazee kwa vijana, polepole, kwa ajili ya afya tu. Akarudi na wazo hilo Marekani, na mwaka 1967 akaandika na daktari mmoja kitabu kilichouza sana. Mwaka 1972 Frank Shorter akashinda marathoni ya Olimpiki mjini Munich, na Wamarekani kwa mamilioni wakaingia barabarani. Hawa hawakuwa wanariadha. Walikuwa makarani, walimu, akina mama na akina baba wenye vitambi, na magoti yao yalikuwa yanauma.

Kwao viwanda vilileta raha. Katikati ya miaka ya 1970 lilikuja povu jepesi la EVA, lile ambalo mpaka leo liko kwenye raba nyingi unazozijua, hata kwenye ndala. Mwishoni mwa muongo Nike ikaweka mifuko ya hewa ndani ya soli. Mwaka 1986 ASICS ikaweka jeli. Jarida la Runner's World likaanza kupanga viatu kwa madaraja, na kiatu kilichopewa nafasi ya juu kilikwisha madukani. Hapo kitu kikubwa kilibadilika. Hukumu ilitoka kwenye mguu wa mnunuzi, ikahamia kwenye ukurasa wa jarida na kwenye maabara.

Kisha likaja somo la aina za nyayo. Ukienda kwenye duka la kisasa la viatu vya mbio, hasa Ulaya na Marekani, na siku hizi hata kwenye miji yetu, ungeambiwa lowanisha mguu, kanyaga karatasi, tuone alama. Unyayo bapa unapewa kiatu kigumu cha kuuzuia mguu usilale kwa ndani. Unyayo wenye tao kubwa unapewa kiatu laini. Wa kati anapewa cha kati. Ilionekana ni sayansi safi, na wengi wetu tuliikubali kwa heshima zote, kama tunavyolikubali koti jeupe la daktari.

Jeshi la Marekani lilikuwa na sababu ya kulipima jambo hilo, maana kuruta wakiumia mafunzo yanasimama. Watafiti wakiongozwa na Joseph Knapik waliwagawa maelfu ya kuruta wa nchi kavu, wa anga na wa wanamaji. Kundi moja lilipewa viatu kwa kufuata umbo la unyayo, kama duka linavyofundisha. Kundi lingine lote lilipewa aina moja ya kiatu bila kujali unyayo. Matokeo yalitoka kati ya mwaka 2009 na 2010: hakukuwa na tofauti ya maana ya kuumia. Alama ya maji kwenye karatasi, iliyouza viatu kwa miaka mingi, haikuwa imewakinga kuruta.

Sasa linganisha na jaribio la zamani kidogo, la mwaka 2001, kutoka Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada. Askari zaidi ya 200 walihusika. Baadhi yao walipewa aina sita za soli za ndani, wakaambiwa kila mmoja achague ile anayoiona ina raha kuliko zote. Hakuna aliyewapima unyayo ili awachagulie. Wakachagua tofauti tofauti, kila mtu na yake. Wale waliochagua waliumia kidogo kuliko wenzao ambao hawakupewa kitu. Benno Nigg, mmoja wa watafiti hao, alikuja kulijenga wazo lake mwaka 2015: kwamba raha anayoisikia mkimbiaji ni chujio. Mwili una njia yake ya kutembea na kukimbia, na kiatu kinachoiingilia njia hiyo mwili unakikataa kwa kusema, hapa pananiuma.

Ona basi tulikozunguka. Miaka arobaini ya mashine na kamera, halafu profesa wa Kanada anatuambia tuusikilize mguu. Bibi yangu mimi na bibi yako wewe wangemwambia hivyo bila malipo.

Mguu wetu unapogeuzwa hoja

Pendulo lilipoyumba, liliyumba sana. Mwaka 2009 Christopher McDougall alichapisha kitabu cha Born to Run, kuhusu Warámuri wa Mexico wanaokimbia masafa marefu na kandambili nyembamba, na hoja yake ilikuwa kwamba viatu vya kisasa ndivyo vinavyotuumiza. Mwaka 2010 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Daniel Lieberman wa Harvard na wenzake. Waliwapima watu wa Marekani na wa Bonde la Ufa nchini Kenya, wakaona kwamba waliozoea kukimbia peku mara nyingi hutua na sehemu ya mbele ya mguu, na hivyo kishindo kinapungua. Wazungu wakavua viatu. Wengine wakanunua viatu vyenye vidole vitano kama glavu.

Hapo mguu wa Mkenya ukawa hoja ya mauzo. Lakini Kenya ni kubwa, jamani. Mwaka 2013 watafiti wengine wakiongozwa na Kevin Hatala walikwenda kaskazini kwa Wadaasanach, watu ambao nao hukua peku. Wakawapima watu wazima 38. Kwa mwendo wao wa kawaida, wengi walitua na kisigino. Hakukuwa na "mguu wa Kiafrika" wa kuuza. Kulikuwa na miguu ya watu wa Bonde la Ufa na miguu ya watu wa karibu na Ziwa Turkana, na kila mmoja ulijifunza kwenye ardhi yake na kwa kasi yake. Mwaka 2014 kampuni ya Vibram, watengenezaji wa vile viatu vya vidole, ilikubali kulipa dola milioni 3.75 kumaliza kesi ya wateja waliodai kwamba ahadi zake za afya hazikuwa na msingi, bila yenyewe kukiri kosa.

Hili la kugeuzwa hoja ndilo linalonikera katika hadithi ya Bikila vilevile. Yule anayetuhurumia na yule anayetutukuza wote wanaongea juu ya mguu wetu bila kuuuliza unasikiaje.

Kasi

Septemba 27, 2015, Berlin. Eliud Kipchoge anakimbia na viatu vya majaribio vya Nike. Mapema kabisa katika mbio, soli za ndani zinaanza kuchomoza nyuma ya visigino vyake, zinapepea kama masikio. Hasimami. Anakimbia hivyo karibu mbio nzima, mguu unavuja damu na malengelenge, anashinda kwa saa 2:04:00 kamili, muda wake bora mpaka siku hiyo. Miaka 55 baada ya Roma, mkimbiaji bora wa Afrika Mashariki yuko palepale: kiatu hakijamkaa. Tofauti ni kwamba Bikila alikikataa kabla ya mbio, Kipchoge aligundua akiwa ndani yake.

Mwaka uliofuata, Rio, washindi wote watatu wa medali za marathoni ya wanaume, Kipchoge, Feyisa Lilesa wa Ethiopia na Galen Rupp wa Marekani, walivaa kiatu ambacho umma haukuwa ukikifahamu. Mwaka 2017 kikatoka madukani kwa jina la Vaporfly. Siri yake ilikuwa povu jipya nene na bamba la kaboni lililopinda ndani yake. Povu la zamani linameza nguvu nyingi ya mguu na kurudisha kiasi. Maabara ya Chuo Kikuu cha Colorado mjini Boulder ilipokibonyeza kiatu hiki kwa mashine, kilirudisha asilimia 87 ya nguvu, wakati viatu viwili vya ushindani vilirudisha karibu asilimia 76 na 66. Kisha wakimbiaji 18 walio wazuri wakakimbia navyo, na kwa wastani walitumia nguvu pungufu kwa asilimia 4. Utafiti huo ulilipiwa na Nike, ni vizuri kulisema, lakini wengine waliopima baadaye walikuta faida ipo kweli.

Na saa zikaanza kuanguka. Oktoba 12, 2019, pale Vienna, Kipchoge alikimbia kilomita 42.195 kwa saa 1:59:40, akiwa na wasindikizaji 41 wakipokezana na kiatu kipya zaidi, katika mbio zisizohesabiwa kama rekodi. Kesho yake Brigid Kosgei alikimbia Chicago kwa 2:14:04, akaivunja rekodi ya Paula Radcliffe iliyokuwa imekaa miaka 16. Wikiendi moja, Wakenya wawili, na ulimwengu wa riadha badala ya kushangilia ukatazama chini, miguuni.

Hapo ndipo pana uzito wa kweli. Ukikimbia muda ambao hakuna binadamu amewahi kuukimbia, halafu swali la kwanza ni "ulivaa nini?", wewe umebaki wapi? Na wale waliokimbia na viatu vya kampuni nyingine, ambayo bado haijapata lile povu, walishindwa na mtu au walishindwa na kiwanda? Januari 31, 2020, shirikisho la riadha duniani lilitoa kanuni: soli ya mbio za barabarani isizidi milimita 40, bamba lisizidi moja, na kiatu kiwe kinapatikana sokoni. Kanuni hiyo ilimkuta mtu. Septemba 2021, palepale Vienna, Derara Hurisa wa Ethiopia alimaliza wa kwanza kwenye marathoni ya jiji. Walipokagua viatu, soli ilikuwa na unene wa sentimita 5. Akanyang'anywa ushindi, akapewa Leonard Langat wa Kenya aliyekuwa nyuma yake kwa sekunde tatu tu. Mwethiopia mmoja alikuwa bingwa bila soli yoyote, mwingine akapoteza ubingwa kwa sentimita moja ya soli.

Halafu kuna bei. Septemba 2023 Tigst Assefa alikimbia Berlin kwa 2:11:53, akaivunja rekodi ya Kosgei kwa zaidi ya dakika mbili, akiwa na kiatu cha Adidas chenye uzito wa gramu 138, uzito wa embe dogo. Kiliuzwa dola 500, na kampuni yenyewe ilisema kimekusudiwa mbio moja na mazoezi kidogo ya kukizoea. Kwa mwanariadha mwenye mkataba, kiatu hicho kinaletwa mlangoni. Kwa kijana wa kule Mbulu au Kapsabet anayetafuta mbio yake ya kwanza ya kumtoa, kiatu cha siku moja ni mtaji wa duka. Zamani kijana huyo angeweza kujiambia kwamba ardhi na mapafu vinawatosha wote. Sasa anaanza mbio akiwa nyuma, kabla bastola haijalia.

Asilimia ngapi, ya nani?

Hata hivyo, kabla hatujaisujudia asilimia 4, tukumbuke kwamba ni wastani, na wastani hauvai viatu. Mwaka 2023 ulichapishwa utafiti wa Melanie Knopp na wenzake, uliofanywa kwa ushiriki wa watu wa Adidas. Waliwachukua Wakenya saba wa kiwango cha dunia na Wazungu saba wa ridhaa, wakawapima na aina kadhaa za hivi viatu vipya, wakilinganisha na kiatu bapa cha kawaida. Kwa Wakenya, kutegemea mtu na aina ya kiatu, matokeo yalianzia hasara ya asilimia 11.3 mpaka faida ya asilimia 11.4. Soma tena. Kiatu cha kizazi kilekile, mwingine kinambeba, mwingine kinamla. Na tunaongea juu ya watu wenye viwango vinavyokaribiana.

Kwa hiyo ukiuliza kiatu kipi kina kasi, sayansi ya kisasa kabisa inakujibu kwa kukuuliza: kwa mguu upi? Swali la mwisho limelirudia la kwanza.

Wewe unayekimbia asubuhi kabla ya daladala au matatu hazijajaa, unayetaka kulinganisha jozi mbili, nadhani historia hii inakupa utaratibu rahisi. Anza na kukaa. Jaribu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kama unavyovimba mbioni, na soksi utakazokimbia nazo, miguu yote miwili, maana mara nyingi mmoja ni mkubwa kuliko mwenzake. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa dole gumba. Kisigino kisipande na kushuka. Usikubali kuambiwa "kitajiachia chenyewe". Halafu raha: usitembee tu, kimbia, hata kama ni hatua ishirini mbele ya duka na watu wanakucheka. Ukiwa sokoni kwa mtumba, bonyeza soli pembeni kwa dole gumba. Povu lililozeeka linakuwa gumu au limejaa mikunjo, na jina kubwa ubavuni halitalirudishia uhai. Kasi iwe ya mwisho. Kama kiatu kimekukaa na kina raha, kasi ni ziada. Kama hakikukai, kasi yake ni ya mtu mwingine.

Kuna jambo moja zaidi, na hili nalisema kwa wasomaji na waandishi wa hapa. Karibu kila ninachokijua juu ya viatu hivi kimeandikwa Oregon, Kobe, Herzogenaurach, Boulder au Calgary. Sisi tumetoa miguu. Mwaka 2016 Navalayo Osembo na mwenzake Weldon Kennedy walianzisha Kenya kampuni ya viatu vya mbio, wakaipa jina la kitenzi chetu, Enda, na kiatu cha kwanza wakakiita Iten. Bila kujali kiatu kile kinakukaa au hakikukai, lilikuwa jaribio la kurudisha fundi na mkimbiaji kwenye chumba kimoja, kama enzi ya Bowerman na tepu yake, safari hii chumba kikiwa huku kwetu.

Kinachobaki ni maneno. Wapo wanariadha wastaafu Arusha, Singida, Eldoret na Bekoji waliokimbia na raba za turubai, na viatu vya kurithi kutoka kwa wenzao wa kambini, na baadaye viatu vya mkataba. Wanakumbuka jozi iliyowauma na jozi iliyowakaa. Hakuna maabara yenye kumbukumbu hiyo. Kabla hatujaandika insha nyingine juu ya Bikila na miguu yake mitupu, tuwafuate tuwaulize kwa Kiswahili chetu: kilikuwa kinabana wapi?